Jirani Yetu Anasikia Nini Kwenye Spika?

Hotuba kwa wainjilisti, wazee wa kanisa na wahubiri walei, Tanga mjini

Bwana Yesu asifiwe! Bwana asifiwe tena, maana waliotoka Pangani na Muheza alfajiri naona usingizi bado haujawaachia.

Baba Mchungaji mwenyeji wetu, wainjilisti, wazee wa kanisa, walimu wa Shule ya Jumapili, mama zangu wa Umoja wa Wanawake: nimepewa mada ya Injili kuwa katikati ya mahubiri. Najua wengine mlitegemea nianze na watu wa maji ya upako. Nitawafikia, lakini sitakaa kwao sana. Ya kwao yanaonekana hata na mtoto. Ya kwetu sisi wa makanisa ya zamani hayana kelele, na kwa sababu hayana kelele yanaweza kukaa miaka bila mtu kushtuka.

Mitaa ya Ngamiani tunaijua ilivyobanana. Kutoka ukuta wa kanisa hadi baraza ya jirani ni hatua chache. Jumapili tunafungua spika za nje, na mzee aliyekaa barazani na kikombe chake cha kahawa anasikia kila kitu, kuanzia kwaya ya vijana hadi mnada wa mavuno, kuku anavyopandishwa bei mpaka anashinda bei ya mbuzi. Mzee huyo ni Mwislamu, kama walivyo majirani zetu wengi hapa mjini. Tunaheshimiana naye. Tukifiwa anakuja, akifiwa tunakwenda. Hajawahi kukanyaga ndani ya kanisa, lakini kwa mahubiri aliyokwisha kuyasikia, wako washarika wetu hawamfikii.

Sasa tumwendee, tumpe shikamoo yake, tumwulize: "Mzee wetu, hawa Wakristo wa hapa wanaamini nini?" Ajibu kwa yale tu aliyoyasikia kwenye spika, si kwa aliyosoma wala aliyoambiwa.

Naogopa atasema hivi: "Wanaamini Mungu yupo na anaona. Wanahimizana kutoa zaka. Vijana wasizini, wanaume wasilewe, wanawake waheshimu waume zao. Mtu akipata shida avumilie, Mungu atamwinua kwa wakati wake. Na wafanye kazi kwa bidii." Kisha atanywa funda la kahawa na kuongeza, "Mambo mazuri. Hata sheikh wetu Ijumaa aliyasema hayo hayo." Na tuwe wakweli, sheikh aliyasema kwa Kiswahili kizuri kuliko chetu.

Hapo ndipo ninapotaka tukae leo. Hubiri ambalo jirani yule anaweza kulisikiliza tangu "Bwana asifiwe" hadi "Amina" akiitikia kwa kichwa kila sentensi, pasipo mahali hata pamoja pa kusema "hapa sasa mimi na nyinyi tunaachana", hubiri hilo linaweza kuwa nasaha njema kabisa. Hubiri la Kikristo bado halijawa. Lijaribuni hivi: toeni kifo cha Yesu, toeni na kufufuka kwake, kisha mlisome upya mliloliandika. Likisimama vilevile, bila kupoteza hata aya moja, basi Yesu hakuwa na kazi ndani yake. Alikuwa mgeni wa heshima, ametajwa kwenye sala ya kufungulia na kwenye sala ya kufungia.

Naomba nisieleweke vibaya. Sisemi twende tukamchokoze jirani. Ile mihadhara ya viwanjani kati ya Wakristo na Waislamu, watu wanafunguliana vitabu ili wachekane, ilitia watu wengi uchungu na sijui ilimwokoa nani. Paulo hakutafuta kuudhi mtu. Alisema, "bali sisi tunamhubiri Kristo, aliyesulibiwa, kwa Wayahudi ni kikwazo, na kwa Wayunani ni upuzi." Kikwazo kile kilikuwa cha msalaba wenyewe. Kilichomkwaza Myahudi hakikuwa dharau ya mhubiri. Mimi nataka mzee wa barazani, siku atakapotukataa, atukatae kwa kile tunachokiamini kweli. Kwa sasa hana hata cha kukataa.

Na Injili yenyewe ni ipi? Fungueni 1 Wakorintho 15. Paulo anasema aliwapa kile alichokipokea: "ya kuwa Kristo alikufa kwa ajili ya dhambi zetu, kama yanenavyo Maandiko, na ya kuwa alizikwa, na ya kuwa alifufuka siku ya tatu, kama yanenavyo Maandiko." Akawatokea Kefa, yaani Petro, wale Thenashara, yaani mitume kumi na wawili, ndugu zaidi ya 500 kwa pamoja, Yakobo, mitume, na mwisho Paulo mwenyewe. Angalieni: humo hamna agizo hata moja. Yote ni mambo yaliyokwisha kutendeka, na mtendaji si msikilizaji. Amri zitakuja, na nyaraka zimejaa amri, lakini zinakuja nyuma ya tukio. Sisi tumegeuza. Tunaanza na "fanya", tunamaliza na "jitahidi", halafu tunashangaa washarika wamechoka.

Tena tazameni Paulo anamwambia nani. Si wapagani, ni washarika wake wa Korintho, watu waliobatizwa, wenye karama hadi wanagombania nafasi ya kusimama. Hao ndio anaowarudisha kwenye kufa na kufufuka kwa Kristo. Sisi hapa Tanga tumegawana vingine: Injili tumeiachia viwanja vya Tangamano, wakati wa mkutano wa nje, kwa ajili ya "wasiookoka". Ndani ya kanisa tunatoa semina za ndoa, za uchumi, za malezi. Kana kwamba mtu akishapita mlango wa ubatizo hana haja tena ya kusikia kwamba Kristo alimfia. Mama wa kwaya aliyegombana na mkwewe jana usiku anaihitaji habari ile leo asubuhi kama siku aliyobatizwa.

Nichukue somo moja tulione kwa karibu. Mwanzo 22, Ibrahimu na Isaka. Nani kati yetu hajasikia hubiri la "Leta Isaka wako"? Nimelisikia kwenye harambee za ujenzi, siku za mavuno, hata wakati wa kununua vyombo vya kwaya. Linakwenda hivi: Ibrahimu alikuwa na kitu anachokipenda kuliko vyote, Mungu akakitaka, Ibrahimu hakukizuia. Wewe je, Isaka wako ni nini? Ni shamba lako? Ni ile akiba uliyoificha kwenye simu? Mlete madhabahuni! Kwaya inaanza kwa sauti ya chini, vikapu vinapita.

Somo lenyewe linasemaje? Kijana anapanda mlimani na kuni mgongoni. Njiani anauliza swali la mtoto mwenye akili: moto upo, kuni zipo, mwana-kondoo yuko wapi? Baba anajibu, "Mungu atajipatia mwana-kondoo kwa hiyo sadaka, mwanangu." Wanafika, kuni zinapangwa, kijana anafungwa, kisu kinainuliwa, na sauti inamzuia Ibrahimu. Kondoo dume amenaswa kwa pembe zake kichakani. Anachinjwa yeye, "badala ya mwanawe". Isaka anateremka mlima kwa miguu yake mwenyewe. Na Ibrahimu akapaita mahali pale kwa kile alichokifanya Mungu, hakupaita kwa kile alichokitoa yeye.

Sasa mwone mhubiri wetu wa harambee alivyofanya. Amemfunga Isaka tena! Kondoo amemwacha kichakani, akarudi kumfunga kijana aliyekwisha kufunguliwa. Habari iliyoandikwa ili tujue kwamba Mungu hutoa, ameigeuza kuwa habari ya kwamba Mungu anadai. Na Warumi 8 inatuambia mlima ule ulikuwa unaelekea wapi: Mungu hakumwachilia Mwana wake mwenyewe, "bali alimtoa kwa ajili yetu sisi sote". Kwa Isaka sauti ilikuja kuzuia kisu. Kule Golgotha haikuja.

Hili hapa Tanga lina uzito wa pekee, kwa sababu kila Idi ya Kuchinja majirani zetu wanamkumbuka Ibrahimu huyo huyo, na mnyama aliyechinjwa badala ya mwanawe. Nyama inakuja mpaka milangoni kwetu kwenye sahani iliyofunikwa kawa. Mtoto wako atakuuliza, na ni haki yake kuuliza: "Baba, mbona wao wanachinja na sisi hatuchinji?" Kama alichokipata kanisani ni "leta Isaka wako", hana jibu. Mtoto aliyefundishwa Injili atasema kwa adabu, huku anakula pilau, kwamba sisi tunaamini Mwana-kondoo alishachinjwa, mara moja, na hatuongezi mwingine.

Mtaniuliza: basi tuhimize sadaka kwa nini? Paa linavuja, na mwinjilisti hajalipwa. Paulo naye alikuwa anachangisha, tena mchango mkubwa, wa kuwasaidia maskini wa Yerusalemu. Someni 2 Wakorintho 8 na 9, sura mbili nzima za fedha, muone kama kuna kutisha. Msukumo wake ni huu: "Maana mmejua neema ya Bwana wetu Yesu Kristo, jinsi alivyokuwa maskini kwa ajili yenu, ingawa alikuwa tajiri, kusudi kwamba ninyi mpate kuwa matajiri kwa umaskini wake." Sisi kila mwaka ni Malaki 3, maneno yale ya zaka, "mnaniibia". Malaki ni neno la Mungu, silipingi. Lakini Malaki 3 watu wameichoka, ndugu zangu. Hata wanaoinukuu hawarudi nyuma kidogo hadi mahali Malaki anapowashitaki wanaomdhulumu mwajiriwa mshahara wake, na hiyo iko sura hiyohiyo, aya ya tano.

Watu wa upako niwaguse hapa, maana ndipo panapowafaa. Anayeuza chupa ya maji au mafuta na kuahidi ndoa, visa na kazi bandarini, kosa lake halianzii kwenye bei. Hata angegawa bure, amemwambia mtu kwamba kati yake na Mungu kuna kitu kingine cha kushika mbali na Kristo. Walutheri wenzangu, kila mwaka tunaadhimisha Matengenezo ya Kanisa kwa sababu ya tarehe 31 Oktoba 1517, na ugomvi wa siku ile ulianza na vyeti vya msamaha vilivyokuwa vikiuzwa. Katika hoja zile 95 za Martin Luther, ya 62 inasema hazina ya kweli ya kanisa ni Injili takatifu ya utukufu na neema ya Mungu. Haikusema hazina ni majengo, wala jina la askofu, wala jina la dhehebu. Hapo na sisi tusiwacheke wa upako kwa sauti kubwa mno.

Kuna pingamizi moja ninaliheshimu. Mzee mmoja wa kanisa aliniambia, "Mwalimu, watu wetu wana maisha magumu. Mkonge si ule wa zamani. Vijana wamejaa vijiweni na bodaboda za mkopo. Wewe unataka kila Jumapili tuwaambie msalaba, msalaba. Nani atawaambia namna ya kuishi?"

Swali zuri. Barua ya kwanza kwa Wakorintho inalijibu, maana barua ile ni ya matatizo matupu: wanachama wa makundi, waliopelekana mahakamani, uzinzi, ndoa, nyama ya sanamu, fujo kwenye meza ya Bwana. Paulo hakukwepa hata moja. Lakini angalieni anavyotoka kwenye kila tatizo. Makundi? "Je! Kristo amegawanyika?" Nyama? Anasema usimwangamize ndugu ambaye Kristo alikufa kwa ajili yake. Uzinzi? "Maana mlinunuliwa kwa thamani, sasa basi, mtukuzeni Mungu katika miili yenu." Kila shauri la maisha limepikwa na msalaba kama wali unavyopikwa na tui, ukila huwezi kusema hapa ni wali na pale ni tui. Sisi tunapika wali mkavu, tunaupeleka mezani, kisha tunauwekea kipande cha nazi juu kama pambo.

Hilo la kununuliwa, kwa watu wa pwani hii si fumbo. Pangani na Bagamoyo ni miji iliyoona misafara ya watumwa. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofika Bagamoyo mwaka 1868 walikuwa wakiwanunua watoto watumwa ili wawaweke huru, wakawajengea kijiji. Kwetu huku, Lutindi, juu ya Korogwe, wamisionari wa Betheli, kutoka Ujerumani, walianza mwaka 1896 na makao ya watoto waliookolewa utumwani. Leo watu wanaijua kama hospitali ya wagonjwa wa akili. Sitaki kuipaka historia rangi. Vijiji vile vya misheni vilikuwa na kengele na amri nyingi, na wako waliojiona wamebadilishiwa bwana tu. Lakini mtoto ambaye bei yake imewahi kutajwa mbele yake, kisha akaambiwa kuna aliyemlipia bei asimfanye mtumwa bali mwana, hakuhitaji mhubiri amweleze sana. Bibi na babu zetu wengine waliipokea Injili kwa mlango huo. Ni ajabu sisi wajukuu wao tuhubiri 1 Wakorintho 6 kana kwamba ni tangazo la afya.

Na kijana wa bodaboda? Mwambie awe mwaminifu katika marejesho, ni sawa. Lakini mwambie pia kwa nini asijione takataka siku pikipiki itakaponyang'anywa. "Kristo alikufa kwa ajili yetu, tulipokuwa tungali wenye dhambi." Thamani yake haikungoja afanikiwe. Ushauri wa biashara atapewa na benki, tena kwa chai na vitafunio. Neno hili, kama hatulisemi sisi, hakuna mwingine mjini mwenye kazi ya kulisema.

Sasa msiba. Hapa naomba mnivumilie, nitakaa kidogo, kwa sababu naona ndipo tunapoharibu zaidi.

Turubai limefungwa katikati ya barabara kule Makorora. Viti vya plastiki vimekodiwa. Ndani wanawake wako kwenye mikeka, nje wanaume, na safu mbili za nyuma ni majirani Waislamu na kofia zao, wamekuja mapema kuliko washarika. Mpwa amesoma wasifu wa marehemu: alizaliwa, alisoma, aliajiriwa bandarini, alistaafu, aliugua sukari. Mjane anatolewa nje na kukalishwa karibu na jeneza, amefunikwa kanga mpaka machoni. Mhubiri anasimama, anashika kipaza sauti, anauliza: "Na wewe, ukifa leo, utakwenda wapi?" Kisha dakika ishirini za moto.

Ndugu zangu, unamtisha nani? Mauti imeshaingia nyumba ile, imelala katikati yao ndani ya sanduku. Mjane hahitaji kuambiwa kifo kipo. Anachotaka kujua ni kama kuna mtu yeyote aliyewahi kutoka huko. Na sisi, peke yetu katika umati ule wote, ndio tuliotumwa na jibu: yuko, na ana jina. "Maana, ikiwa twaamini ya kwamba Yesu alikufa akafufuka, vivyo hivyo na hao waliolala katika Yesu, Mungu atawaleta pamoja naye." Liseme hilo polepole. Lirudie. Mtazame mjane unapolisema, usiangalie umati. Onyo lina mahali pake na sheria, yaani amri za Mungu zinazotuhukumu, ina kazi yake, lakini pale kaburini sheria imeshamaliza kuhubiri. Dakika saba zinatosha. Zile safu mbili za nyuma zitakuwa zimesikia, kwa heshima na utulivu ambao hakuna mhadhara ungeupata, kile ambacho spika za Jumapili zimewanyima.

Mambo ya matayarisho niyapitie haraka, Baba Mchungaji ananionyesha saa. Kalenda ya kanisa inatupangia masomo, msiyakimbie kwenda kwenye yale mnayoyapenda. Lisome somo Jumatatu, si Jumamosi usiku umeme ukiwa umekatika. Uliza limesimama wapi katika habari nzima, kabla ya Kristo au baada yake, linaahidi nini, linaonyesha haja gani ambayo sisi hatuwezi kujitimizia. Usimlazimishe Yesu kwenye kila kijiti na kila kamba. Wapo wanaoona damu ya Kristo kwenye kila kitu chekundu cha Agano la Kale, na huo ni mchezo. Na sentensi yako ya mwisho iangalie sana. Ikiwa ni "Basi wapendwa, tujitahidi", ifute, anza upya.

Chai itakuwa tayari saa nne na nusu. Kabla ya hapo tugawane makundi matatu. Kundi la dirishani mchukue Naamani, yule jemadari mwenye ukoma, 2 Wafalme 5, na msiniletee hubiri la utii wa kuoga mara saba. Kundi la kati, Yakobo 2, imani na matendo. Wainjilisti vijana wa nyuma, nyinyi mnaojiamini, nimewawekea Mithali 6, aya ya 6 hadi 11: "Ewe mvivu, mwendee chungu", yaani yule mdudu, sisimizi. Mzee wa barazani ataitikia kwa kichwa kila neno la aya hizo, na ni kweli tupu. Mna dakika arobaini kuniambia mtafikaje kwa Kristo kutoka kwa chungu bila kumdanganya msikilizaji. Katibu, wagawie karatasi.